Stimulus: kutoka fimbo ya maksai hadi bajeti ya taifa

Maswali yanayoulizwa sana kuhusu neno moja la Kilatini, kwa wasomaji wa Kata ya Busi na Wilaya nzima ya Kondoa

Mkoa wa Dodoma hulima kwa msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, kisha jua hushika usukani mpaka mwaka unapokaribia kwisha. Majani hukauka, malisho huwa mbali, na maksai waliokuwa wanono wakati wa mavuno hufika Novemba mbavu zikihesabika. Ardhi ikishalowa, kila mwenye shamba anataka kulima wiki hiyohiyo. Kwa hiyo fimbo hufanya kazi zaidi wakati ambapo ng'ombe ana nguvu kidogo kuliko miezi mingine yote.

Nimeanza na maksai kwa sababu neno stimulus lilizaliwa nyuma ya maksai. Leo mwanafunzi hukutana nalo kwenye somo la biolojia, msikilizaji wa redio hulisikia bajeti ikijadiliwa, na mama mzazi huguswa nalo kliniki bila hata kulitamka. Mara nyingi hutufikia likiwa limevaa Kiswahili: kichocheo, uchangamshi, wakati mwingine kunusuru.

Mwanzoni neno hili lilimaanisha nini?

Kwa Warumi wa kale, stimulus kilikuwa kifaa cha shambani: fimbo ndefu yenye ncha kali ambayo mlimaji alimchomea ng'ombe ili asogee. Wingi wake ni stimuli. Warumi wenyewe hawakukawia kulitumia kwa mambo ya moyoni, wakasema mtu anachomwa na wivu au na hamu ya sifa, lakini shina la neno ni ile ncha iliyogusa ngozi ya mnyama.

Kiswahili kina jina la kifaa hicho, ingawa halisikiki sana siku hizi: mchokoo. Linatokana na kuchokoa, na ndugu zake tunao vinywani kila siku, yaani kuchokoza, mchokozi na uchokozi. Anayesoma Biblia ya Kiswahili ya Union atalikuta katika Matendo ya Mitume 26:14, pale Paulo anapomsimulia Mfalme Agripa habari za safari yake ya Dameski. Mnyama anayeupiga mateke mchokoo hujiumiza mwenyewe, na hiyo ndiyo picha iliyokusudiwa. Katika Biblia ya Kilatini neno lililopo hapo ni stimulus. Neno hilohilo la Kilatini limo pia katika 2 Wakorintho 12:7, ambapo Kiswahili kimesema mwiba, na katika 1 Wakorintho 15:55, ambapo Kiswahili kimesema uchungu. Hata kwa msomaji asiye Mkristo huu ni ushahidi mzuri wa lugha, kwa kuwa neno moja la Warumi linabeba kifaa kinachochoma, ncha yenyewe na maumivu yanayobaki.

Kichocheo kimepita njia nyingine. Kuchochea ni kazi ya jikoni, ya kusogeza vijinga ndani ya mafiga ili moto uliofifia uwake. Ndiyo maana neno hilo lina sura mbili, ya mpishi anayetaka ugali uive na ya mchochezi anayetaka watu wagombane. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inautaja uchochezi kama kosa. Walioandaa istilahi za sayansi walichukua ile sura ya kwanza, na mimi naona walichagua vizuri, kwa sababu anayechochea mafiga yenye majivu matupu hapati moto. Wazo hilo litatusaidia katika kila swali linalofuata: kinachochochewa kina nini ndani yake?

Je, wakulima wa kale walishauri ng'ombe achomwe?

La. Jibu lao lina faida hata kwa mlimaji wa leo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Columella aliishi karne ya kwanza baada ya Kristo. Alizaliwa Gades, mji ambao leo unaitwa Cádiz, kusini mwa Hispania, akaandika vitabu 12 vya kilimo. Katika kitabu cha pili anaeleza namna ya kulima kwa ng'ombe. Anataka mlimaji atumie sauti kuliko kipigo, na kipigo kije mwisho kabisa kwa ng'ombe aliyekataa kazi. Kuhusu stimulus ni mkali zaidi: ng'ombe asichomwe nayo kamwe, kwa kuwa humfanya awe mbishi na mpiga mateke. Anaruhusu mjeledi mara mojamoja, wa kumkumbusha tu. Tena anasema mfuo usizidi futi 120 za Kirumi, yaani mita 35 hivi, ndipo ng'ombe wapumzishwe, na wanapogeuka nira isukumwe mbele kidogo ili shingo zipoe.

Aliyewahi kuona shingo ya maksai iliyovimba kwa nira atajua kwamba mtu huyu alitembea nyuma ya plau, au aliwasikiliza vizuri waliotembea. Alikifahamu kifaa kile, akajua pia mpaka wake: ncha inaweza kumfanya ng'ombe aruke hatua moja, lakini haiwezi kumpa nguvu ya kumaliza robo eka.

Nguvu inatoka kwingine. Mabua ya mahindi na mtama yanayoachwa shambani baada ya mavuno yakikusanywa mapema na kuhifadhiwa pakavu ni akiba ya Oktoba na Novemba. Mashudu ya alizeti, yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yana protini nyingi, na Kondoa ni nchi ya alizeti. Ongeza maji ya kutosha, chumvi, na dawa ya minyoo kwa ushauri wa ofisa mifugo wa kata. Maksai aliyelishwa hivyo kwa wiki chache kabla ya mvua, na aliyefundishwa kuitika jina lake na amri za kwenda, kusimama na kugeuka, hahitaji ncha. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inafanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa, na ngozi yenye makovu ya kuchomwachomwa hushuka daraja sokoni.

Wazee wa vilima vya Irangi wanakumbuka kipindi ambacho maksai wenyewe hawakuwepo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo karibu 90,000 iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, lenye kilometa za mraba 1,256. Waliokuwa wakilimia maksai walirudi kwenye jembe la mkono. Majani na miti vilirudi juu ya makorongo, na baadaye ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa kwa sharti la kufugwa bandani, wakiletewa majani. Gharama waliyobeba wakulima ilikuwa kubwa, na bado inastahili kuandikwa kwa kirefu kuliko nafasi hii inavyoruhusu. Lakini historia hiyo inaonyesha wazi kwamba nguvu ya maksai ni majani, na majani ni udongo.

Neno liliingiaje hospitalini?

Katika karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walianza kuuliza kwa nini msuli hujikunja ukiguswa. Albrecht von Haller wa Uswisi alionyesha mwaka 1752 kwamba kuna sehemu za mwili zinazojikunja zikiguswa na sehemu zinazopeleka hisia. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliona mguu wa chura aliyekufa ukirusha teke kwa umeme, akachapisha matokeo yake mwaka 1791. Kitu chochote kinachoamsha kiungo kikaitwa stimulus, kwa kufananishwa na ile fimbo.

Kukatokea pia aliyelibeba neno mbali mno. John Brown wa Edinburgh, katika kitabu chake cha mwaka 1780, alifundisha kwamba uhai wote ni kuchochewa, na ugonjwa ni kuchochewa kupita kiasi au pungufu. Wengi aliwaona wamepungukiwa, akawatibu kwa pombe na afyuni, na yeye mwenyewe alizitumia. Alifariki mwaka 1788. Mafundisho yake yalizagaa Ulaya kwa miongo kadhaa na kuwadhuru wagonjwa, kwa kuwa alihesabu mchomo bila kuhesabu mwili unaochomwa.

Kosa hilo bado lipo barabarani. Dereva anayetafuna mirungi ili asisinzie kwenye lami ya Dodoma kwenda Babati ameondoa dalili ya uchovu, uchovu wenyewe anao. Mirungi ni haramu nchini kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na dawa ya usingizi ni kulala.

Ukichomwa na mwiba wa mgunga, mwili hufanya nini?

Mguu huruka kabla hujajua umechomwa na nini. Taarifa hufika kwenye uti wa mgongo, na amri ya kuvuta mguu hutoka hukohuko, wakati habari bado inapanda kwenda kwenye ubongo. Kisha huja maumivu ya aina mbili. Ya kwanza ni makali na ya ghafla, husafiri kwa neva zenye kasi ya mita kadhaa hadi 30 hivi kwa sekunde. Ya pili ni ya kufukuta, husafiri kwa neva nyembamba zenye kasi ya mita moja hivi kwa sekunde, ndiyo maana yanachelewa na kukaa.

Johannes Müller wa Ujerumani, katika karne ya 19, aliongeza jambo lililobadilisha elimu nzima ya hisia. Fumba macho, bonyeza taratibu pembeni mwa jicho: utaona mwanga, ingawa hakuna mwanga ulioingia. Jicho likiguswa kwa kidole hujibu kwa mwanga kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee linayoijua. Kwa hiyo jibu ni mali ya anayeguswa kuliko ya kinachomgusa.

Alizeti ni ushahidi mwingine, tena unaoonekana kando ya njia. Ikiwa changa hulifuata jua toka mashariki hadi magharibi na kurudi usiku, kwa sababu pande mbili za shina hukua kwa kasi tofauti kwa kupokezana. Shina likikomaa na kuacha kukua, ua hutulia likitazama mashariki. Jua ni lilelile la jana, lakini mmea hauna tena cha kuitikia.

Kichocheo, homoni na dawa ya kuongeza uchungu ni kitu kimoja?

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, maana neno kichocheo limebebeshwa mizigo mingi. Katika biolojia ni jambo linaloamsha mwitiko: mwanga, joto, mguso, harufu. Katika kemia ni kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha. Na watu wengi husema vichocheo wakimaanisha homoni, yaani kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza na kuzipeleka kwa damu. Ukisikia neno hilo kwa mtaalamu, muulize anazungumzia lipi kati ya hayo. Hatakushangaa.

Oksitosini ni homoni inayokaza mji wa mimba, na hospitalini hutolewa kwa kipimo ili kuanzisha au kuongeza uchungu wa kuzaa, na pia kuzuia damu nyingi baada ya mtoto kutoka. Ni dawa iliyookoa akina mama wengi. Lakini ikitolewa bila vipimo, au mama akinyweshwa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu nyumbani, mji wa mimba unaweza kukazwa wakati njia haijawa tayari, au mtoto amelala vibaya, ukapasuka. Mama mkwe anayemtakia heri mkwe wake ampeleke zahanati mapema, na kama kuna kitu ameshampa, amweleze muuguzi bila kuficha. Hakuna aibu inayolingana na maisha ya mama na mtoto.

Uchangamshi wa mtoto ni nini, na je, unahitaji vifaa vya kununua?

Serikali ilizindua Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ndani yake kuna uchangamshi wa awali na malezi yenye mwitikio. Maana yake ni kwamba mtoto anatazama, analia, anacheka au ananyoosha kidole, na mtu mzima anamjibu. Ubongo hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka mitatu ya kwanza, na kila jibu la mzazi linajenga njia ndani yake.

Hakuna cha kununua. Zungumza naye ukiwa unapepeta mtama. Mtajie majina ya vitu. Mtengenezee kayamba kwa chupa safi yenye mbegu ndani, mfuniko uwe umekaza sana asije akazimeza. Muimbie kwa Kirangi, Kisandawe, Kiburunge au Kiswahili, lugha yoyote inayokutoka moyoni. Baba naye ahusike. Lakini mtoto mwenye njaa au homa haitiki hata ukimwimbia mchana kutwa, kwa hiyo chakula, chanjo na kliniki vinakwenda pamoja na nyimbo.

Na fimbo? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Sheria imeweka mpaka, lakini msimamo wangu unakwenda mbele yake. Mtoto aliyechapwa kwa kushindwa kusoma hujifunza kumwogopa anayemchapa. Pengine haoni vizuri ubaoni, au ametembea mbali bila kula. Columella alimtazama ng'ombe kwa makini zaidi ya hapo.

Stimulus ya uchumi je? Ni ile ya TASAF?

Swali hili lina sababu. Mwezi Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, baada ya msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani mwaka 2008. Mpango wa TASAF ulioanza mwaka 2012 nao unaitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Jina moja, kazi mbili.

Stimulus ya uchumi ni fedha ambazo serikali huingiza kwa muda wakati biashara imepoa, ili watu wanunue na waajiri wasifunge milango. Mpango wetu wa 2009 ulikuwa na sehemu ya kufidia wanunuzi wa pamba, ambao walikuwa wamekopa benki na kununua kwa bei ya juu, kisha bei ya dunia ikaporomoka. Marekani mwaka huohuo ilipitisha dola bilioni 787, na wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020 ikawatumia wananchi wengi hundi za dola 1,200. TASAF haingoji uchumi upoe. Inalenga kaya maskini zilizotambuliwa kijijini, kwa ruzuku inayoambatana na watoto kwenda kliniki na shule, na kwa ajira za muda.

Kenya ina mfano ninaoupenda kuutaja. Katika bajeti ya 2009/10, ikisomwa na Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta, zilitengwa shilingi za Kenya bilioni 22, na sehemu yake ikachimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya majimbo 140. Ufugaji wa samaki uliruka kutoka chini ya tani 5,000 mwaka 2009 hadi zaidi ya tani 20,000 mwaka 2014. Kisha ukashuka. Mabwawa mengi yaliachwa, kwa kuwa chakula cha samaki kilikuwa ghali, vifaranga bora vilikuwa haba na soko lilikuwa mbali. Pesa ilikuwa imechimba shimo. Chakula cha kila siku kilitakiwa kitoke mahali pengine, na wengi hawakuwa nacho.

Kwetu, kilicho karibu zaidi na macho ya mwanakijiji ni fedha za UVIKO-19 zilizozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2021, shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo pamoja na mengine zilijenga madarasa 15,000. Yalikuwa madarasa, na papo hapo yalikuwa ajira kwa mafundi, wapasua mawe na wenye mchanga. Fedha hizo zilikuwa pia mkopo, na mkopo hulipwa.

Mradi kama huo ukifika kijijini kwetu, tuulize nini?

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na mapato na matumizi husomwa hapo mbele ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Uliza fedha ni ruzuku au mkopo. Uliza zinaishia mwezi gani, na vibarua wanachaguliwaje. Kisha uliza ni nani atakayelipia ufunguo, dirisha, mafuta ya pampu au dawa ya mifugo mwaka wa pili, mradi ukishakabidhiwa. Kama mtendaji hana jibu, omba swali liandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze na hilo.